Mji wa Kale wa Mombasa na Faida ya Kwenda Pole

Watu wengi wa bara huijua Mombasa kwa jina kabla ya kuiona kwa macho. Mkulima wa Kericho au wa Nyeri huambiwa kwamba chai yake imekwenda Mombasa kuuzwa, maana mnada wa chai wa Afrika ya Mashariki, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956, ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969. Karani naye huliona jina hilo katika hati za mizigo kila siku: mbolea imeshushwa Mombasa, mashine zimekwama Mombasa, motakaa zangojea ushuru Mombasa. Kwa hao wote Mombasa ni mlango, na desturi ya mlango ni kupitwa.

Lakini nyuma ya mlango huo mna nyumba, na nyumbani mna wenyewe. Katika upande wa mashariki wa kisiwa, mbali kidogo na maduka makubwa na honi za matatu, upo mji uliokuwapo kabla ya reli na kabla ya gati za Kilindini. Wenyeji huuita Mji wa Kale. Si mkubwa. Mtu mwenye haraka aweza kuupita kwa muda wa saa moja, akatoka upande wa pili asiwe ameona kitu. Aliye na siku nzima, akaenda kwa miguu na kusimama kila anapostahili kusimama, ataona mambo ya miaka mia tano, na ataona pia jambo moja la leo ambalo ni zito kuliko yote ya zamani.

KUFIKA KISIWANI

Mombasa ni kisiwa, ingawa wengi huingia bila kutambua. Atokaye Nairobi kwa barabara hupita juu ya daraja la Makupa. Atokaye Malindi hupita daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la kuelea lililowekwa mwaka 1931. Atokaye Kwale na Lunga Lunga huvuka kwa feri ya Likoni, na huyo ndiye ajuaye hakika kwamba ameingia kisiwani, kwa sababu ameyaona maji chini yake. Ajaye kwa treni ya Madaraka, iliyoanza mwaka 2017, yafaa ajue mapema kwamba kituo chake kiko Miritini, nje ya kisiwa, ili asiagane na jamaa kukutana naye mahali pasipo.

Wageni wengi hufika kwanza penye Barabara ya Moi, palipo na zile pembe kubwa za ndovu za bati, zilizowekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kuwapokea wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Hapo hupigwa picha. Wengine, wakisha kupigwa picha, huona wameimaliza Mombasa, wakatafuta basi la kurudi. Lakini mwendo mfupi tu kutoka hapo, ukivuka Barabara ya Digo penye Marikiti, soko lililoitwa zamani Soko la Mackinnon, harufu ya moshi wa motakaa huanza kupungua, ikaja ya bizari, ya kahawa na ya bahari. Hapo ndipo mgeni apunguze mwendo.

NGOME NA WALIOFUNGWA NDANI YAKE

Ni vema kuanzia penye ngome, kwa sababu ndiyo yenye habari nyingi zilizoandikwa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe ulio mlangoni mwa bandari, kwa ramani ya fundi wa Kitaliani Giovanni Battista Cairati, wakaiita Fort Jesus. Mji wenyewe ulikuwa na umri mkubwa hata siku hizo. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akawakuta watu wake Waislamu wanaosali katika misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Vasco da Gama naye alitia nanga nje ya kisiwa mwezi wa Aprili 1498, asipate makaribisho aliyoyataka.

Mtu apitaye mbio huona kuta nene na mizinga yenye kutu. Aendaye pole hujiuliza kuta hizo zilimzuia nani na zilimfungia nani. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliwageuka na kuiteka ngome hiyo. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Omani yaliizingira, na mazingira hayo hayakwisha mpaka Desemba 1698. Kwa muda wa miezi 33 Wareno na wenyeji waliokimbilia ndani, wanaume, wanawake na watoto, waliteketea kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Meli ya vita Santo António de Tanna, iliyokuja kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na baadhi ya vyombo vyake, vilivyopandishwa na wapiga mbizi tangu mwaka 1977, vimewekwa ndani ya ngome hiyo hiyo.

Baadaye wakaja Mazrui, kisha Sayyid Said mwaka 1837, kisha Waingereza. Tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958 ngome ilikuwa jela. Vizazi viwili vya watu wa pwani viliijua ngome kwa jina hilo tu, na waliopita chini ya kuta zake walipita wakiharakisha, kwa kuwa hapakuwa mahali pa kutazamwa. Juu ya mnara wake ilipepea bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwezi wa Desemba 1963, maana ukanda huu wa pwani ulihesabiwa kuwa milki yake, ukitawaliwa na Waingereza kwa mapatano. Ngome ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika miongoni mwa urithi wa dunia. Leo watoto wa shule huingia mbio mahali ambapo babu zao waliingizwa kwa pingu.

NDIA KUU

Kutoka ngomeni mgeni huingia katika Ndia Kuu. Asidhani kwamba aliyekiandika kibao amekosea. Ndia ni njia, kwa Kiswahili cha Mvita, kama vile njoo ilivyo ndoo na mchanga ulivyo mtanga. Jambo hili lina kisa chake, na karani hasa yampasa kukijua. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali nne za Afrika ya Mashariki walikutana mjini Mombasa kuchagua lahaja itakayotumiwa katika shule na vitabu. Walikutana Mombasa, wakakichagua Kiunguja. Mvita ikapoteza nafasi hiyo nyumbani kwake, na kila barua ya ofisi iandikwayo kwa Kiswahili sanifu hufuata uamuzi wa siku zile. Lakini Kimvita hakikufa kwa uamuzi huo. Hiki ndicho Kiswahili cha Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, na mgeni akisimama kimya Ndia Kuu atakisikia kwa watoto wachezao, kikiwa hai.

Nyumba za mtaa huu zimesimama karibu karibu, na barabara nyembamba hupata kivuli kutwa. Hicho hakikutokea kwa bahati. Wajenzi wa kale walijua jua la pwani, wakazisogeza kuta ili zikingane. Juu kuna roshani za mbao zilizochongwa, ambazo huingiza upepo na kuwawezesha walio ndani kutazama nje bila kutazamwa. Milango ni ya mbao nzito yenye nakshi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari huchukuliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti yake. Mkulima aliyewahi kuezeka nyumba atalifahamu jambo hilo mara moja.

Hapo karibu iko Barabara ya Mbarak Hinawy, yenye jina la Liwali wa Pwani aliyefariki mwaka 1959, mtu aliyeandika pia kitabu juu ya Al-Akida, yule jemadari aliyejifungia ngomeni na kumuasi Sultani. Pia uko msikiti wa Mandhry, ambao kuasisiwa kwake huhesabiwa tangu mwaka 1570, yaani kabla jiwe la kwanza la ngome halijawekwa. Wareno walikuja wakaenda, na msikiti huo ungali ukisaliwa.

KWA NINI MJI UMENYAMAZA

Ukiteremka kuelekea majini hufika bandari ya kale. Hapo zipo ngazi za Leven, zilizopata jina lake kutokana na manowari ya Kiingereza ya Kapteni Owen, aliyefika mwaka 1824 na kuupandisha mji bendera ya ulinzi isiyodumu hata miaka mitatu. Ng'ambo ya maji ni upande wa Nyali na Frere Town, walikowekwa watumwa waliokombolewa tangu mwaka 1875, mahali ambapo hata leo huitwa Kengeleni.

Zamani bandari hii ilijaa majahazi. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mwisho wa mwaka, vyombo vilikuja kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, vikileta tende, mazulia, chumvi na papa mkavu. Manahodha walikaa miezi, wakifanya biashara na kungoja, kwa maana hapakuwa na namna ya kurudi mpaka kusi ligeuze upepo. Basi upole wa mji huu ulifundishwa na pepo mbili. Asiyeweza kungoja hakuwa mfanyabiashara wa bahari. Siku hizi huonekana majahazi machache tu, mengi yana injini, na wachukuzi wana nafasi ya kukaa kivulini.

Sababu za kimya hiki zajulikana. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza kisiwani, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Makao makuu ya serikali yakafuata njia hiyo hiyo, yakahamia Nairobi katika miaka michache ya mwanzo wa karne ya 20. Meli kubwa za moshi nazo zilitaka maji marefu, na maji marefu yako Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Mambo yote matatu yaliondoka kwa pamoja: serikali ilipanda bara, shehena ikazunguka Kilindini, na mji wa kale ukabaki na misikiti yake, visima vyake na watu wake.

Tusidhani kwamba upole wa siku hizo ulikuwa raha kwa kila mtu. Kabla ya motakaa kuenea, katika miaka ya 1920, palikuwa na reli nyembamba zilizotandikwa barabarani mpaka Kilindini, na juu yake magari madogo yenye viti na kitambaa cha kukinga jua. Wakubwa wa serikali na matajiri walipanda humo, wakienda taratibu chini ya miembe na mibuyu, wakiusifu mji kwa utulivu wake. Nyuma ya kila gari walikuwapo watu wakilisukuma kwa mikono, jua likiwachoma. Mji ni mmoja, barabara ni moja, lakini aliyekaa na aliyesukuma hawakusafiri safari moja. Mgeni wa leo, akienda kwa miguu yake mwenyewe, hamwelemei mtu.

BARAZANI

Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza za mawe, na hapo ndipo mji hukaa jioni. Muuza kahawa huja na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili watu wasikie. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo, na kando yake pana haluwa au tende. Asubuhi ni zamu ya mahamri na mbaazi. Jioni hutoka viazi karai, mishikaki na mkate wa mofa. Bei si ya kumtisha karani.

Mgeni apitapo na aamkie. Kupita mbele ya wazee kimya ni utovu wa adabu katika mji huu, na salamu moja hufungua milango ambayo fedha haifungui. Akisema "Sabalkheri, mzee wangu," mara nyingi ataambiwa, "Karibu, mwanangu, keti upumzike." Na aketi. Asitoe kamera kabla hajauliza, wala asiwapige picha wanawake na watoto bila ruhusa, kwa sababu vichochoro hivyo, ijapokuwa ni njia ya wote, ni kama ua wa nyumba za watu. Avae nguo za heshima. Akiwa na swali, auliize baada ya kikombe cha kwanza, si kabla.

Na akiuliza habari za mji, hatajibiwa kwanza habari za Wareno. Ataelezwa habari za nyumba: hii ni ya fulani, mwanawe yuko Dubai, ile ni ya wakfu, hii ya pembeni ina warithi wengi, kila mmoja ana sehemu yake, na hakuna anayejenga.

UFA

Hapo ndipo lilipo jambo zito lililotajwa mwanzoni. Kimya cha mtu apumzikaye na kimya cha mtu azimiaye hufanana kwa mbali. Anayepita kwa motakaa huviona kuwa kimoja, akasema, "Mji mtulivu kweli." Lazima kukaribia ili kutofautisha.

Mgeni akitembea pole ataona nyumba iliyopakwa chokaa mpya, ngazi imefagiwa, viatu vya watoto viko mlangoni. Hiyo inapumzika. Hatua kumi mbele ataona nyumba ambayo roshani yake imeinama, miche imeota katika nyufa za ukuta, na penye mlango wa nakshi pamezibwa kwa mabati, kwa kuwa mlango wenyewe uling'olewa ukauzwa. Hiyo inazimia.

Magonjwa ya nyumba hizi yana sababu za kawaida. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: huingiza unyevu na kuutoa. Mwenye nyumba akiona ufa, naye akiwa na nia njema, huupaka saruji kwa kuwa ni ngumu na hupatikana kila duka. Saruji huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi ya bahari, na ukuta huoza nyuma ya uso mzuri. Mafundi wa chokaa ni wachache, na kazi yao yataka muda. Tena nyumba ya kale yenye warithi kumi haina mwenyewe mmoja wa kutoa fedha, na kiwanja chake kikiwa tupu huweza kuwa na thamani kuliko nyumba iliyo juu yake. Hivyo wengine hungoja ianguke.

Serikali haikukaa bure. Mwaka 1990 Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa, na chini ya Makumbusho ya Taifa iliwekwa ofisi ya kuushughulikia, ili mtu atakaye kubomoa au kubadili nyumba apate idhini na ushauri kwanza. Bahari nayo, iliyokuwa ikila mwamba ulio chini ya ngome, imewekewa ukuta wa kuzuia mawimbi. Lakini tangazo halipaki chokaa. Ngome ina askari, ina tikiti, ina jina duniani. Nyumba ya mjane Ndia Kuu haina hata kimoja. Na bila nyumba hizo ngome itabaki kama mnazi mmoja uliosimama shambani baada ya shamba kukatwa.

Wako wenyeji wanaolijua hilo na kutenda. Jamaa hukubaliana mmoja akae, wengine wachange. Nyumba nyingine zimefanywa maduka ya vinyago au mahali pa kula, wenyewe wakabaki juu na kodi ya chini ikatengeneza paa. Si kila mtu apendezwaye na wageni mlangoni, na wana haki yao. Hata hivyo nyumba yenye mtu ndani hupona, na isiyo na mtu haiponi.

Basi msomaji atakayejaliwa kwenda Mombasa, kwa likizo au kwa kufuata mzigo wake, na ajiwekee siku moja. Aingie Mji wa Kale asubuhi jua lisijawa kali, anunue mahamri kwa mwenyeji, alipe tikiti ya ngome, aketi barazani akialikwa. Fedha yake ndogo itabaki palipo na kazi nayo. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mji huu maneno hayo si fumbo: ufa uko hapo mbele ya macho, wenye upana wa kidole, na fundi wa chokaa yu hai bado.

Kisha jioni na apande mpaka Mama Ngina, penye mibuyu, anunue dafu, atazame meli ikitoka Kilindini kuelekea bahari kuu. Huenda ndani yake mna chai ya kwao. Naye akirudi bara na kuulizwa habari za Mombasa, atakuwa na la kusema zaidi ya pembe za ndovu.